Abraham Izak Perold: Profesa aliyepanda mbegu nne, na zabibu iliyookolewa kwenye magugu

Katika mji wa Stellenbosch, kilomita 50 hivi mashariki ya Cape Town, kuna shamba la majaribio la chuo kikuu liitwalo Welgevallen. Mwaka 1925, katika bustani ya nyumba iliyokuwa ndani ya shamba hilo, profesa mmoja alipanda mbegu nne za zabibu. Mbegu hizo zilitokana na ndoa aliyoifunga yeye mwenyewe, baina ya mizabibu miwili iliyotofautiana kwa asili, kwa tabia na kwa heshima iliyopewa na walimwengu.

Miaka michache baadaye profesa huyo aliihama nyumba ile, na miche minne iliyochipua ikabaki ndani ya magugu. Ilikaribia kung'olewa na kutupwa kama takataka. Leo uzao wa mmoja wa miche hiyo umeenea katika mashamba ya Rasi ya Magharibi ya Afrika Kusini, na matunda yake hutoa mvinyo mwekundu uitwao Pinotage.

Profesa huyo ni Abraham Izak Perold. Alitenda mengi makubwa ambayo walio nje ya fani yake hawayajui, lakini jina lake limedumu kwa sababu ya kazi ambayo yeye mwenyewe aliiacha nyuma bustanini.

Mwanakemia aliyegeukia shamba

Perold alizaliwa mwaka 1880 katika Koloni la Rasi, wakati eneo hilo lilikuwa chini ya Uingereza. Alisoma Stellenbosch, kisha akavuka bahari hadi Ujerumani, ambako alipata shahada ya udaktari katika kemia kwenye Chuo Kikuu cha Halle mwaka 1904. Huko Ulaya alijifunza pia kilimo cha mizabibu na utengenezaji wa mvinyo, elimu ambayo ndiyo iliyokuja kutawala maisha yake yote.

Aliporejea nyumbani mwaka 1906, alikuta nchi yenye historia ndefu ya mvinyo na matatizo mengi. Mvinyo wa kwanza wa Rasi ulikamuliwa mwaka 1659, miaka saba tu baada ya Waholanzi kuweka kituo chao chini ya Mlima wa Meza. Mashamba yaliyofuata yalijengwa kwa jasho la watumwa. Baadhi yao waliletwa kutoka India na visiwa vya Indonesia, wengine kutoka Madagaska na pwani ya Msumbiji. Utumwa ulikomeshwa katika miaka ya 1830, lakini wajukuu wa watumwa hao waliendelea kulima, kupogoa na kuvuna katika mashamba yale yale kwa ujira mdogo. Kwa miaka mingi sehemu ya ujira huo ililipwa kwa vikombe vya mvinyo, desturi iliyojulikana kama mfumo wa dop, nayo iliacha majeraha ya ulevi na umaskini katika familia nyingi.

Mwaka 1886 balaa jingine lilitua. Mdudu mdogo aitwaye filoksera, ambaye hufyonza mizizi ya mzabibu hadi mti ukafa, aligunduliwa katika Rasi baada ya kuteketeza mashamba ya Ufaransa. Dawa pekee iliyofaa ilikuwa kubebesha: kikonyo cha mzabibu wa Ulaya kiliunganishwa juu ya shina la mzabibu wa asili ya Marekani, ambao mizizi yake inamstahimili mdudu huyo. Mashamba yalilazimika kupandwa upya, na wakulima wakahitaji kujua ni aina gani za zabibu zinazofaa katika udongo na joto la kwao.

Hiyo ndiyo kazi aliyokabidhiwa Perold. Serikali ya Rasi ilimtuma ng'ambo kutafuta aina za mizabibu, naye akarudi na mkusanyiko wa aina 177. Miongoni mwa alizozileta ni Barlinka, zabibu nyeusi ya kula mezani aliyoitoa Algeria, ambayo baadaye ilikuwa tegemeo la wakulima wa matunda wa Bonde la Hex River waliouza Ulaya. Laiti asingefanya jambo jingine lolote, hilo peke yake lingetosha kumpa nafasi katika historia ya kilimo ya nchi yake.

Alikuwa profesa wa kwanza wa kilimo cha mizabibu huko Stellenbosch, akawa mkuu wa kitivo cha kilimo, na akaandika kitabu kikubwa juu ya mizabibu, ambacho toleo lake la Kiingereza lilitoka mwaka 1927. Ndani yake aliainisha aina nyingi za zabibu kwa majani, vichala, punje na tabia zake. Kwa miongo mingi wanafunzi na wakulima wa Rasi walikitegemea.

Ndoa ya mizabibu miwili

Mzabibu wa kwanza aliouchagua Perold ni Pinot noir, mama wa mivinyo myekundu mashuhuri ya Burgundy nchini Ufaransa. Mvinyo wake hupendwa kwa harufu nyororo na ladha ya upole. Lakini mti wenyewe ni wa kudekezwa: hutaka hali ya hewa ya baridi, huugua upesi, na mavuno yake ni haba. Katika joto la Rasi haukuwa na raha.

Mzabibu wa pili ni Cinsaut, mwenyeji wa kusini mwa Ufaransa. Huu ni mti wa mkulima wa kawaida. Huvumilia jua na ukame, huzaa kwa wingi, na haumchoshi anayeutunza. Mvinyo wake haukuwa na sifa kubwa, bali mti wenyewe ulikuwa umeenea mno katika Rasi. Wenyeji waliuita Hermitage, ingawa kilima cha Hermitage kilichoko Ufaransa hujulikana kwa zabibu nyingine kabisa, ya Syrah.

Kuozesha mizabibu si kazi ya nguvu, bali ya subira na jicho kali. Ua la mzabibu ni dogo kuliko punje ya mchele, na lina viungo vya kiume na vya kike pamoja. Mtaalamu hulifungua kabla halijakomaa, akaondoa viungo vya kiume kwa koleo ndogo, kisha akapaka chavua ya mzabibu mwingine na kulifunika ili chavua ya kigeni isiingie. Tunda likiiva, mbegu zake huwa na damu ya wazazi wote wawili. Hata hivyo kila mbegu ni mtoto wa kipekee, kama ndugu wa tumbo moja wasivyofanana. Mmoja anaweza kurithi uzuri wa mama, mwingine udhaifu wa pande zote mbili.

Perold alipata mbegu nne tu. Wazalishaji wa mimea hupanda mbegu kwa mamia au maelfu ili wapate mche mmoja wenye thamani. Yeye alikuwa na nne, na alizipanda katika bustani ya nyumba yake, badala ya kwenye kitalu cha chuo ambako zingeandikwa na kulindwa.

Kijana mwenye baiskeli

Mwishoni mwa miaka ya 1920 Perold aliacha uprofesa. Alikwenda mjini Paarl kuwa mtaalamu mkuu wa mvinyo wa KWV, ushirika wa wakulima ulioanzishwa mwaka 1918 ili kudhibiti wingi wa mvinyo uliokuwa ukiangusha bei sokoni. Nyumba ya Welgevallen ikabaki tupu. Bustani ikaota nyasi na magugu, na ile miche minne ikamezwa humo.

Chuo kilituma vibarua kuisafisha bustani. Wakati huo huo mhadhiri kijana aitwaye Charlie Niehaus, aliyejua habari ya mbegu za profesa, alikuwa akipita kwa baiskeli. Alisimama, akawaomba wale vibarua wasiing'oe miche hiyo, na akaiokoa. Kama angepita njia nyingine siku ile, au kama angechelewa kidogo, simulizi lingeishia hapo. Majina ya vibarua waliokubali kuweka majembe chini hayatajwi katika simulizi hilo, kama yasivyotajwa majina ya wengi walioujenga utajiri wa mashamba ya Rasi.

Miche ilihamishiwa katika chuo cha kilimo cha Elsenburg, nje kidogo ya Stellenbosch, mikononi mwa C. J. Theron. Mwaka 1935 Theron aliibebesha juu ya mashina yanayomstahimili filoksera, na ikaanza kukua kwa nguvu. Perold, ambaye urafiki wake na wanazuoni wenzake haukukatika, alikwenda kumtembelea na kuonyeshwa kazi hiyo. Aliifurahia mno, akahimiza izidishwe. Katika minne ile, mmoja ulionekana kuwashinda wenzake, nao ndio uliochaguliwa kuwa mti mama. Kila mzabibu wa Pinotage ulioko duniani leo asili yake ni huo mmoja.

Ndipo likahitajika jina. Walifikiria kuunganisha Hermitage na noir, lakini wakapendelea mwanzo wa Pinot na mwisho wa Hermitage, wakapata Pinotage. Hivyo nusu ya jina la zabibu hiyo inatokana na jina ambalo watu wa Rasi walimpa mzazi wake kimakosa.

Mwaka 1941 mvinyo wa kwanza wa Pinotage ulitengenezwa Elsenburg na C. T. de Waal, kwa kiasi kidogo tu. Mwaka huo huo, mwezi wa Desemba, Perold alifariki dunia akiwa na umri wa miaka 61. Hakuishi kuona shamba hata moja la biashara lililopandwa zabibu yake, wala chupa iliyoandikwa jina lake.

Kupanda, kuanguka na kuinuka

Shamba la kwanza la biashara lilipandwa katika miaka ya 1940 huko Myrtle Grove, karibu na Sir Lowry's Pass. Wakulima waliipenda zabibu hiyo kwa sababu iliiva mapema, ilikuwa na sukari nyingi na haikuwasumbua. Kwanza waliichanganya na nyingine bila kuitaja. Kisha, mwaka 1959, mvinyo wa Pinotage kutoka shamba la Bellevue ulishinda ubingwa katika maonyesho ya mivinyo michanga ya Rasi. Miaka miwili baadaye Pinotage ya Kanonkop ilishinda tena. Mwaka 1961 mvinyo wa msimu wa 1959 ulitolewa kwa jina la Lanzerac, nao ukawa wa kwanza kuandikwa neno Pinotage kwenye chupa. Kwa mara ya kwanza zabibu ya Perold ilisimama mbele ya wanunuzi peke yake.

Sifa ilileta haraka, na haraka haina baraka. Wengi walipanda Pinotage ili wavune kwa wingi, wakaacha miti izae kupita kiasi. Wakati wa kuchachusha, joto halikudhibitiwa vyema. Kemikali iitwayo isoamili asetati, ambayo huzaliwa hamira inapokula sukari, ilizidi katika mivinyo mingi na kuipa harufu ya ndizi zilizoiva mno au ya rangi ya kucha. Maganda mazito ya zabibu hiyo yalipoachwa muda mrefu ndani ya mvinyo, yalileta uchungu unaokwaruza ulimi.

Katikati ya miaka ya 1970 wataalamu wa mvinyo kutoka Uingereza waliotembelea Rasi waliilaani waziwazi. Maneno yao yaliwaingia wenyeji. Baadhi ya wakulima waling'oa mizabibu yao na kupanda Cabernet Sauvignon na aina nyingine zenye majina makubwa Ulaya. Wakati huo huo, vikwazo dhidi ya utawala wa ubaguzi wa rangi viliwafungia milango ya nje. Tanzania na Kenya zilikuwa miongoni mwa nchi za Afrika zilizosusia bidhaa za Afrika Kusini, na katika miaka ya 1980 masoko mengi zaidi yalifungwa. Zabibu iliyozaliwa na nchi hiyo ikabaki nyumbani, ikidharauliwa hata na baadhi ya watoto wa nyumbani.

Waliobaki nayo walitambua kwamba kosa halikuwa la mti. Walipunguza vichala ili mti ulishe vichache vizuri. Walithamini mizabibu mizee inayokua kama kichaka bila kufungwa kwenye waya. Walichunga joto la uchachushaji, wakasukuma maganda ndani ya maji ya zabibu mara kwa mara, mchana na usiku, na kuyatoa kabla ya uchungu kuzidi. Kisha wakaulaza mvinyo katika mapipa ya mwaloni wa Ufaransa.

Mwaka 1991 Beyers Truter, aliyekuwa mtengenezaji wa mvinyo wa Kanonkop, alitangazwa jijini London kuwa mtengenezaji bora wa mvinyo wa mwaka katika mashindano ya kimataifa. Alikuwa wa kwanza kutoka Afrika Kusini kupata heshima hiyo, na mvinyo uliompa ushindi ulikuwa Pinotage. Ubaguzi wa rangi ulipokuwa ukielekea ukingoni na masoko yakifunguka, nchi ilikuwa na kitu cha kuuza ambacho hakikuigwa kutoka kwa mtu mwingine. Mwaka 1995 kikaundwa chama cha wazalishaji wa Pinotage. Leo zabibu hiyo ina karibu asilimia 7 ya mashamba ya mizabibu ya Afrika Kusini, lakini nje ya nchi hiyo hupatikana kwa nadra.

Kwa nini inywewe peke yake

Hata sasa mabishano hayajaisha. Wapo wanaoona kwamba mahali pa Pinotage ni ndani ya mchanganyiko, pamoja na Cabernet Sauvignon na Merlot, ili kuupa mvinyo ladha ya Rasi bila kuuachia utawale. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 umeenea pia mtindo wa kutumia mwaloni uliochomwa sana, ambao huupa mvinyo harufu ya kahawa na chokoleti. Mtindo huo uliwavutia wanywaji wapya wengi, lakini wakosoaji walilalamika kwamba sauti ya mwaloni imeizima sauti ya zabibu.

Mabishano hayo hayawezi kuamuliwa na mtu ambaye hajaonja Pinotage yenyewe. Katika mchanganyiko, kosa la zabibu moja hufichwa na nyingine, na uzuri wake hupotea vivyo hivyo. Kwa sheria za Afrika Kusini, mvinyo unaotajwa kwa jina la zabibu moja sharti uwe na zabibu hiyo kwa asilimia 85 au zaidi. Mwenye kutaka kujua Perold alizaa nini na ashike chupa ya namna hiyo, kutoka shamba linaloiheshimu mizabibu yake.

Atakachokiona kwanza ni rangi nzito ya zambarau. Harufu yake ni ya matunda meusi, na nyuma yake mara nyingi kuna moshi na viungo. Mdomoni huja nguvu na utamu wa tunda lililoiva kwenye jua, na hapo ndipo Cinsaut anapojulikana. Mvinyo huo ukihifadhiwa miaka kumi au zaidi, nguvu hupungua, harufu hulainika, na wajuzi wengi hukiri kwamba Pinot noir huanza kujitokeza kama sura ya babu katika uso wa mjukuu aliyekomaa. Usinywewe ukiwa na joto la chumba cha nchi za joto, kwa sababu pombe itafunika kila kitu. Nyuzi 16 hivi za Selsiasi zinatosha. Nao hupatana vyema na nyama ya kuchoma na vyakula vya viungo, mezani pa wale wanaotumia kileo na kwa kiasi chao.

Somo hilo halihusu Rasi peke yake. Dodoma, katikati ya Tanzania, wakulima wana zabibu nyekundu iitwayo Makutupora, isiyojulikana sana nje ya nchi. Zabibu ya namna hiyo haiwezi kupata heshima kwa kufananishwa na za Ufaransa. Hupata heshima pale wenyewe wanapoitunza, wanapokubali makosa yao, na wanapoiweka mezani kwa jina lake.

Perold aliacha aina 177 za mizabibu, kitabu, wanafunzi na kiti cha uprofesa. Aliacha pia miche minne bila ulinzi, na hapo kazi yake ikapita mikononi mwa wengine: vibarua walioweka majembe chini, kijana aliyeshuka kwenye baiskeli, mwalimu aliyeibebesha miche hiyo, na wakulima waliokataa kung'oa wakati wengine waling'oa. Mkono wake uliunganisha maua mawili. Miongo mitatu na zaidi ilipita kabla ya jina la zabibu hiyo kuandikwa kwenye chupa, na miongo mingine mitatu kabla ya walimwengu kuipa heshima yake.